Kifurushi cha Beni

Binti yetu alipoondoka kwenda chuo, mbali na Maryland kiasi cha kupanda ndege, aliikumbatia tromboni yake mpaka mlangoni na koti la baridi akalisahau kwenye ndoano. Ndivyo alivyo. Mke wangu alilipeleka koti posta mwenyewe, akisonya njia nzima, nami nilimwacha asonye kwa sababu nilijua kinachomkera si koti. Nyumba ilikuwa imepoa ghafla, na sote tulikuwa hatujui la kufanya na huo ukimya.

Wiki za mwanzo zilimwia ngumu mtoto. Alipiga simu kila jioni, na akiulizwa hali alijibu "fine" kwa sauti ya mtu aliyetoka kulia. Chakula hakimpandi, mwenzake wa chumbani ana marafiki zake, darasani hajui akae na nani. Kisha akajaribu bahati yake kwenye bendi ya chuo, ile inayoingia uwanjani kwa gwaride wakati wa mapumziko ya mpira, wakamchukua. Siku hiyo aliongea mpaka simu yangu ikapata moto. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Jumamosi moja ya vuli, na ingeonyeshwa kwenye televisheni. Wazazi wa wenzake wangekuja uwanjani, sisi tusingeweza. Alituomba jambo moja tu, tumtazame pale pale anapopiga, ili ajue kuna mtu wake anayemwangalia. "Hasa Bibi," alisema.

Bibi ni mama yangu. Alikuwa amekuja kututembelea Laurel kutoka Unguja, na magoti yake yalikuwa yameapa kwamba ndege yataipanda mara moja tu tena, ya kurudi nyumbani. Tiketi yenyewe ilikuwa ya kabla ya likizo ya mtoto. Kuonana uso kwenye simu walionana kila siku, lakini kumwona akipiga tromboni mbele ya watu, katika sare yake, ilikuwa ni Jumamosi ile au basi.

Nilijitahidi kumweleza mama hiyo bendi ni kitu gani. Nikamtajia kofia ndefu, matarumbeta, ngoma, jinsi wanavyotembea kwa mistari huku wanapiga. Alinisikiliza kwa subira, akanikata.

"Si useme beni."

Alikuwa sahihi. Kwetu harusi ikiwa na hadhi yake beni hupita mtaani, matarumbeta mbele na wanawake nyuma wakicheza, na katika ujana wake mama hakuna beni iliyompita akabaki ndani. Neno lenyewe ni hilohilo la Kiingereza, limekaa kwetu muda mrefu mpaka limesahau kwao. Tangu siku ile hakuna aliyesema tena bendi nyumbani kwangu. Mama aliwapigia dada zake Unguja mmoja mmoja kuwaambia kwamba mtoto yumo kwenye beni ya chuo kikuu, na huko nako furaha ikawa kubwa.

Likabaki suala la televisheni, na hilo nilijitwika mimi.

Kebo tulikwisha kuikata zamani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitazama. Tulikuwa na antena ya dirishani, na kwa vile Laurel iko katikati ya Washington na Baltimore tulipata vituo vya miji yote miwili, yaani mvua ileile tukitabiriwa mara mbili. Nilidhani inatosha. Nilichokuja kugundua ni kwamba vyuo vya nchi hii hujikusanya makundi makundi kwa ajili ya michezo, kila kundi lina mikataba yake na vituo vyake, na kundi la chuo cha binti yangu lina mpaka chaneli yake lenyewe. Antena haina habari nayo. Ukitaka kuiona bila kebo lazima ujiunge na huduma ya mtandaoni, na huduma zenyewe ni utitiri. Hii ina chaneli tatu unazozitaka na haina ya nne. Ile ina zote nne, ila imegombana na mwenye chaneli na wiki hiyo wamenuniana. Nyingine inakupa yote, mradi uchukue na kifurushi kilichojaa uvuvi, mapishi na watu wanaobomoa jikoni kwao. Mimi nafanya kazi maabara kule Gaithersburg, kazi ya kusoma maandishi madogo siku nzima, na bado kichwa kiliniuma.

Mara ya kwanza niliingia mkenge mzima mzima. Nilikuta huduma inayojisifu kwamba ina football kutoka kila pembe ya dunia, na ubongo wangu, ambao ulizaliwa Unguja, ukasoma mpira wa miguu, ukasahau kwamba chuoni wanacheza ule wa Kimarekani, wa kubebwa mikononi. Nikajiunga papo hapo kwa majaribio ya bure. Nilipofungua nikakuta ligi za Ulaya, Misri, Uturuki, Brazili, raha tupu. Nilikuwa nimeshajinyoosha kwenye kochi, nimezama katika mechi ya watu nisiowajua, mke wangu aliporudi kutoka zamu yake hospitalini. Yeye ni wa Mombasa na hana tabia ya kuzunguka.

"Mtoto yuko wapi hapo?"

"Bado naangalia."

"Naona waangalia. Umejitafutia mpira wako, mtoto umemwacha."

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mkongomani mmoja mpole sana, alisikia shida yangu penye mashine za kufulia akanipandia na simu mkononi. "Papa, unajisumbua bure. Mi iko na application moja, iko na mamatch yote." Tukaijaribu. Ilikuwa na mamatch yote kweli, ila kila picha iliganda baada ya muda mfupi, mchezaji amening'inia hewani na mguu mmoja, na hapo hapo likachomoza tangazo la kamari kubwa kuliko mchezaji. Jirani alitikisa kichwa. "Jana ilikuwa inatembea muzuri," alisema kwa huzuni.

Mama alifuatilia haya yote kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. Siku moja aliuliza, "Kwani king'amuzi chao hakina kifurushi cha beni?"

Tulicheka, mimi na mke wangu, mpaka yeye akacheka. Lakini nilipofika mwisho wa uchunguzi wangu na kubakiwa na huduma moja iliyokuwa na chaneli zote na haijagombana na mtu, nilimwuliza mhudumu wao kwa maandishi: je, tutaona mchezo wote, pamoja na bendi? Akajibu kwa furaha kwamba kila mchezo huonyeshwa moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho. Nikamsomea mama. "Umeona," alisema. "Kuuliza si ujinga kama mnavyodhani." Nikajiunga, na usiniulize jinsi nilivyojiona mwanamume.

Jumamosi ilipofika mama alioga mapema, akavaa gauni lake la sherehe na mtandio wa hariri, akafukiza udi sebuleni kama kunakuja wageni wa posa. King'ora cha moshi kikalia. Mke wangu akapanda juu ya kiti akawa anakipepea kwa taulo huku mama akimwambia kwamba nyumba isiyojua udi ni nyumba ya namna gani. Jirani akaja na sahani ya maandazi. Mke wangu alikuwa amepika visheti. Picha ilikuwa safi, haikati, haigandi, na nilishika rimoti kwa heshima zote.

Mchezo wenyewe mama hakuupa muda. Aliwatazama vijana wakirundikana mmoja juu ya mwenzake, akauliza kama huu ni mpira au ni ugomvi wa mirathi. Jirani alijaribu kumweleza kuhusu yadi. Alimwitikia "ndiyo, baba" kila mara kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa pembeni ya uwanja, na kila kamera ilipogeuka kidogo alisogea mbele. Mara mbili tatu tulisikia matarumbeta kwa mbali, chini ya sauti za watangazaji. "Hao," alisema. "Wapo."

Kipenga cha mapumziko kikalia. Mama akajiweka sawa mtandio. Wachezaji wakakimbilia ndani, tukaona kama kofia nyeupe zinajipanga kule mwisho, noti mbili za tarumbeta zikapanda, halafu uwanja ukatoweka. Mahali pake palikuwa na wanaume wanne wenye tai, wameketi nyuma ya meza, wanacheka.

"Hao ndio nani?" mama aliuliza.

"Wachambuzi."

"Wanachambua nini, na mpira umesimama?"

Nikabonyeza rimoti. Nikabonyeza kila kitu kilichokuwa juu yake. Nikahamia chaneli ya pili, ya tatu, nikarudi. Tangazo la gari, tangazo la dawa ya maumivu ya viungo, wale wanne na meza yao. Mke wangu alikuwa ameshachukua simu yake na kusoma, kisha akaniangalia na nikajua kabla hajasema. Televisheni haiwaonyeshi, alisema taratibu. Mara nyingi wakati wa mapumziko hawaonyeshi beni. Kila mtu huku analijua hilo.

Kila mtu isipokuwa sisi, tuliotoka mahali ambapo beni ikiingia ndipo watu hutoka ndani kuja kutazama. Nilikuwa nimeuliza kuhusu chaneli, kuhusu kurekodi, kuhusu televisheni ngapi zinaweza kufunguliwa kwa mkupuo. Isingenijia akilini kwamba kuna watu wenye kamera uwanja mzima ambao beni ikianza wao hugeukia kwingine. Nilitamani kuitupa rimoti dirishani. Nilitamani pia kulia, nisifiche, kwa sababu wakati ule ule, nyuma ya wale wanne, mtoto wangu alikuwa akitembea katikati ya uwanja akiamini tunamwona. Kesho huenda mtu angeiweka video yake mtandaoni. Lakini mtoto hakuomba video.

"Kwa hiyo hivi sasa anapiga," mama alisema.

"Anapiga, mama."

Aliendelea kuitazama ile skrini, matangazo na yote, mikono imetulia mapajani, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kunyanyua kisheti. Jirani aliinamisha kichwa akaninong'oneza, "Pole, papa." Tukakaa hivyo hivyo mpaka wachezaji wakarudi na kurundikana upya.

Robo ya tatu ya mchezo beni hupewa nafasi ya kupumzika, na hapo ndipo simu ilipolia. Mke wangu aliiweka spika akamkabidhi mama. Kulikuwa na kelele za uwanja mzima, na katikati yake sauti ya binti yetu inahema.

"Bibi! Did you see me?"

Nilishafungua mdomo. Nilikuwa nimejipanga kumweleza kila kitu, mikataba, wachambuzi, mhudumu aliyenijibu kwa furaha, kumwambia kosa ni langu. Mama akainua kiganja chake mbele ya uso wangu bila hata kunitazama.

"Nimekuona, mwanangu."

"For real?"

Mama ni mtu wa swala tano na ulimi wake anauchunga. Akaivuta simu karibu zaidi na mdomo.

"Nimekuona wewe tu," alisema. "Wale wengine wote mie sikuwatazama."

Kwenye simu zikabaki zile kelele za watu, na mke wangu akageukia ukuta akijifuta macho kwa lile taulo la king'ora. Binti yetu hutuelewa kila neno tangu mdogo, lakini kutujibu hujibu kwa Kiingereza, na tulikwisha kuacha kumsumbua. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, polepole, kama anakipima kila kipande kabla ya kukikanyaga.

"Nilikuwa naogopa sana, Bibi."

"Haikuonekana, mwanangu," mama alimjibu. "Haikuonekana hata kidogo."