Aliyekuvisha Ndiye Akuvue

Pale Magomeni, mjini Kilosa, watu walikuwa wakisema mtu hajafa sawasawa mpaka Letisia amvae. Hawakusema kwa ubaya. Letisia alikuwa mjane mkaanga maandazi, mwembamba, mpole wa maneno, binti wa Mnyamwezi aliyeletwa na mkonge akabaki hata baada ya mashamba ya mkonge kugeuka pori. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu zama za misafara, na mtani msibani ana kazi yake. Hulizuia jeneza njiani mpaka apewe chochote, huwacheka wafiwa nao wanalia, na watu wakisharudi kutoka makaburini huvaa nguo za marehemu na kutembea uani kama alivyotembea yeye, ili kilio kipate pa kupumzikia.

Watani wengine walifanya vichekesho tu. Letisia hakuwa hivyo. Alipomvaa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli, hakusema neno. Aliinama tu, akaweka kikombe chini, akakizungusha kidogo mpaka mkono wa kikombe ukatazama ukuta. Mjane wa mzee yule akacheka kwa sauti, kisha akashika mdomo. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa amekiona kikombe kile kikizungushwa, wala hakujua kwamba alikuwa akikiona.

Kazi ile alirithi kwa mama yake, na pamoja nayo alirithi sharti: aliyekuvisha ndiye akuvue. Mtu wa nyumba ya marehemu aliyekufunga zile nguo ndiye atakayekupangusa uso kwa maji na kukuita kwa jina lako na la baba yako. Ukiwa ndani ya nguo, jina lako huliitikii; la marehemu hulikatai. Letisia alimuuliza mama yake itakuwaje mtu asipoitwa. Mama alifikiri kidogo, akasema hajui, haijawahi kutokea.

Kisha akafa Debora.

Debora alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Msagara wa milimani, Mwanglikana wa kukesha kanisani, mguu wa kulia akiuburuta, jicho la kushoto limesinzia tangu utotoni. Alitukanana na Letisia kila asubuhi kwa mapenzi. "Nyie Wanyamwezi," angesema juu ya ua, "mlikuja mmebeba mizigo ya watu, na mpaka leo hamjaitua." Naye Letisia angejibu, "Tungeitua, mama, lakini wenye mizigo mlikuwa mmejificha milimani." Wote wawili walikuwa katika mpango wa ruzuku ya kaya maskini, na siku ya malipo walikwenda pamoja, wakarudi pamoja, wakilalamikia jua.

Aliyemvisha siku ile ni Magreth, binti pekee wa Debora, aliyekuwa akipika katika mgahawa mmoja Mikumi, kando ya barabara kuu. Alimfunga Letisia kanga ya mama yake huku machozi yakimdondoka kwenye fundo, akampa na fimbo. Letisia akatoka uani. Mguu wa kulia ukaburuzika. Jicho la kushoto likasinzia. Watu waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza, hata majiko yakasikika.

"Mwe," akasema kwa sauti ya Debora, akiwatazama waombolezaji. "Wali wote huu, na mimi nilipokuwa hai mlinipa makoko."

Uani kukawa kicheko na kilio kwa pamoja. Ndipo alipoingia kijana mmoja amebeba begi mgongoni, jina lake Evance, aliyetumwa na benki. Ruzuku ilikuwa inaacha kulipwa mkononi. Sasa kila mlengwa angefunguliwa akaunti, apigwe picha, aweke kidole. Alikuwa amezunguka mtaa mzima akikuta nyumba tupu, na hapa alikuwa amewakuta watu wote.

"Poleni na msiba," akasema. "Samahani, namtafuta Debora Cleopa."

Macho yote yakamgeukia Letisia.

"Mimi hapa, mwanangu," akasema Letisia. Angesema nini? Alikuwa ndani ya nguo.

"Shikamoo bibi. Nani amefariki?"

"Marahaba. Nimefariki mimi."

Watu walicheka mpaka mwingine akaangusha sahani. Kijana naye akacheka, kwa adabu, kama mtu anayewastahi wazee na mizaha yao. Akaomba kitambulisho cha mpango. Letisia akashika pindo la kanga, akaanza kulifungua fundo kwa meno, polepole, kama Debora alivyokuwa akifanya kila siku ya malipo, na watu wakapiga makofi. Ndani ya pindo kitambulisho kilikuwamo kweli. Evance akampiga picha, akachukua kidole chake, akakiminya kwenye kimashine. Kimashine kikalia.

"Na Letisia Fortunatus?" akauliza.

Mzee Alex, kaka wa marehemu, akapangusa machozi ya kicheko. "Huyo hayupo," akasema. "Akirudi tutakwambia."

Evance akaandika, akaaga. Alipotoka tu, mvua ikashuka kutoka milimani, ile inayowafanya watu wa Kilosa wautazame kwanza mto Mkondoa ndipo waanike au waanue. Watu wakatawanyika. Simu ya Magreth ikaita: lori lililokuwa limpeleke Mikumi linaondoka sasa hivi, kabla njia ya kupitia kijiji cha Ulaya haijaharibika. Akakimbia na begi kichwani. Letisia alibaki barazani, amevaa, akisubiri kuitwa. Mwishowe alivua mwenyewe, akaitundika kanga nyuma ya mlango, akaenda kwake. Fimbo aliichukua. Mguu ulikuwa unamuuma.

Asubuhi mguu ulikuwa bado unauma, na kuku wa Debora walikuwa mlangoni kwake. Hawakuwa wakizurura. Walikuwa wamesimama wakiutazama mlango, kama walivyozoea kusimama kwa Debora wakingoja mahindi. Letisia hakuwa na kanga ile mwilini. Kuku hawadanganyiki kwa nguo, alijua hilo. Akawafukuza kwa mkono, nao wakasogea kidogo tu, bila hofu.

Siku ya malipo ilipofika alikwenda kwa wakala wa benki, kibandani karibu na soko. Wakala, Nickson, akamwambia aweke kidole. Kioo kikawaka.

"Debora Cleopa," Nickson akasoma. "Hela imeingia, mama."

Letisia akaomba kuiona picha. Alijua ataona uso wake na kanga ya mtu mwingine. Aliyemtazama kutoka kwenye kioo alikuwa Debora. Si jicho tu. Ilikuwa namna ya kubana midomo, ile ya mtu anayetaka kukutukana kwa mapenzi. Alijaribu kuitafuta pua yake mwenyewe katika picha ile, hakuiona.

"Mimi ni Letisia," akasema.

Nickson akatafuta. "Letisia hakuandikishwa, mama. Na siwezi kumwandikisha kwa kidole hiki. Kidole hiki kina mwenyewe." Kisha, kwa wema, "Sasa unachukua, huchukui?"

Letisia akarudisha mkono kana kwamba ameshika sufuria ya moto. Chakula cha marehemu hakiliwi na mtani. Hilo nalo lilikuwa sharti. Akaenda ofisi ya kata, nako wakasema kosa litarekebishwa benki, tawi la Mikumi, aende na mtoto wa marehemu athibitishe nani ni nani, na kibali cha mazishi. Walisema kama jambo dogo. Letisia akampigia Magreth. Magreth akasema sawa, mama, nitakuja. Hakuja.

Miezi ikapita. Maandazi yalimlisha, si kwa kushiba. Lakini si njaa iliyomtisha. Alianza kunywa chai bila sukari, naye alikuwa mpenda sukari maisha yake yote. Akajikuta akiufunga ufunguo kwenye pindo na kuufungua kwa meno. Siku moja mteja wake wa maandazi alimwita njiani, "Wewe mama Letisia," naye akapita, akaenda hatua kadhaa kabla ya kukumbuka kwamba ni yeye aliyeitwa. Alisimama palepale juani, akahisi baridi. Jioni ile alisema jina lake kwa sauti, ndani, peke yake. Lilisikika kama jina la mtu anayemfahamu kwa mbali.

Ndipo alipopanda gari kwenda Mikumi.

Magreth alimwona akiwa bado mbali, akija kando ya lami amejiegemeza kwenye fimbo, malori ya kwenda Iringa yakipeperusha kanga yake. Mwiko ulimwanguka mkononi. Alipomkaribisha hakumtazama usoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwa nini hukuja, Magreth?"

Magreth akakausha mikono kwenye aproni, akatoa simu, akamsomea. Namba yake ndiyo aliyoiacha Debora kwenye mpango, na kila malipo yakitoka, ujumbe uliingia kwake: Ndugu Debora, malipo yako yamefika. Fika kwa wakala aliye karibu nawe.

"Nikiupata," akasema Magreth, "siku hiyo napika vizuri. Najua yuko."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Lakini anaitwa akachukue. Mtu aliyekufa haitwi, mama."

"Na mimi?" akauliza Letisia. "Mimi naitwa na nani?"

Magreth akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Nilipokuona pale barabarani," akasema hatimaye, "nilitaka kukimbia nikupokee mzigo. Kumbe huna mzigo."

"Ninao, mwanangu. Wewe ndiye uliyenitwika."

Magreth akavua aproni. Njiani akanunua chupa ndogo ya maji, akaishika kifuani mpaka benki.

Mhudumu wa dirishani aliitwa Fausta, kama kibao cha kifuani kilivyosema. Akawaamkia, akapokea kibali cha mazishi alichokuja nacho Letisia, akasikiliza, akamwambia Letisia aweke kidole. Kioo kikawaka. Fausta akatazama kioo, akamtazama Letisia, akatazama tena kioo, na akaonekana hataki kutazama mara nyingine.

"Dada," akamwambia Magreth, "kibali kinasema mama yako amezikwa. Kwenye mashine yuko hapa mbele yangu. Mimi naandika utakachosema wewe. Huyu ni nani?"

Letisia alihisi jicho la kushoto likisinzia lenyewe, taratibu, kama pazia linaloshushwa na mtu wa ndani. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwa sababu alijua kwamba binti huyu akisema "mama", ataitika, na hatajua tena njia ya kurudi.

Magreth akamwaga maji kiganjani. Mlinzi wa mlangoni akanyanyua kichwa. Magreth akampangusa Letisia uso, paji, macho, kidevu.

"Letisia Fortunatus," akasema kwa sauti ya chini. "Toka nje. Kwenu wanakungoja."

Letisia akajaribu kuitika. Sauti iliyotoka haikuwa yake, wala hakuwa ameifikiria.

"Mwe, mwanangu. Umekonda. Unawapikia watu, wewe huli."

Mkono wa Magreth ukasimama shavuni. Fausta, nyuma ya kioo, alisikia mama mzee akimhurumia kijana, basi. Lakini Magreth alilia pale, kilio cha mazishi ambacho mvua na lori vilimnyima, na katikati ya kilio akaita tena, sasa kwa nguvu, kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya mto.

"Letisia! Letisia Fortunatus!"

"Abee," akasema Letisia.

Ilikuwa sauti yake. Nyembamba, imekauka, lakini yake.

Fausta akaandika. Akamfuta mmoja, akamwandikisha mwingine kwa kidole kilekile, akampiga picha mpya, na Letisia alipogeuziwa kioo alimwona mjane mchovu mwenye pua ya baba yake. Simu ya Magreth ikalia. Ndugu Debora, akaunti yako imefungwa. Magreth akausoma, akausoma tena, akaitia simu mfukoni bila kuufuta ujumbe.

Letisia alirudi Kilosa akitembea kwa miguu yake yote miwili. Mzee Alex alikuwa amekaa nje ya nyumba ya dada yake, akisuka kamba.

"Mnyamwezi," akamwita. "Leo unatembea kama mtu. Mzigo umeutua?"

"Nimeutua. Nyie mliokuwa wenye mzigo mko wapi, mje muuchukue?"

Mzee akacheka, akaondoka na kamba zake. Letisia akaiegemeza fimbo kwenye mlango wa Debora, mlango uliofungwa kwa kufuli tangu msiba. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima. Kuku wakaja, kama kila siku. Alisimama kwenye kizingiti chake akiwangoja, lakini wakampita bila kumwangalia, wakaenda kusimama mbele ya mlango ule wa kufuli, vichwa juu.

Wakangoja kidogo. Kisha wote kwa pamoja wakainamisha vichwa, wakaanza kudonoa.

Letisia alitazama ardhi ile tupu, iliyofagiliwa. Hakuona punje. Lakini aliwasikia wakila, na akawaacha wale.