Binti wa Dareda Kwenye Tangazo la Msiba

Edda hakuwa mtu wa kutulia kwenye kiti, na kazi aliyoipata ilikuwa ya kukaa. Kuanzia saa mbili asubuhi alikuwa kwenye chumba kimoja karibu na stendi ya Babati, akisoma maoni ya wasomaji wa tovuti ya habari za mji. Hakuna neno lililoonekana pale kabla yeye hajalibonyezea ruhusa. Wenye matusi aliwafuta, wenye kuuza dawa za nguvu za kiume aliwafuta mara mbili, na waliogombana kuhusu bei ya mahindi aliwaacha, maana hao walimchekesha. Siku nzima mguu wake ulitikisika chini ya meza.

Ukurasa uliosomwa kuliko yote ulikuwa wa matangazo ya vifo. Jumanne hiyo lilikuwepo la mzee Anselimu wa Nakwa, ambaye angezikwa nyumbani kwake siku hiyohiyo saa tisa alasiri. Watu walikuwa wanatoa pole na Edda anaruhusu tu, mpaka alipokutana na maoni haya:

"Mimi ni Jovita, binti yake wa Dareda. Hakuna aliyenipigia. Nimeona tangazo hapa. Nitafika kabla ya saa tisa nimzike baba yangu."

Tangazo lilitaja watoto watano, na Jovita hakuwemo. Kwa utaratibu wa bosi wake, Theodory, jambo la familia ya watu haliwekwi mpaka familia iulizwe. Edda akafuata utaratibu, akampigia Wilbert, mtoto mkubwa wa marehemu.

"Pole na msiba, kaka. Kuna dada anaitwa Jovita, anasema ni binti wa mzee na anakuja kuzika. Mnamfahamu?"

Wilbert akashusha sauti. "Usiyaweke hayo maoni, dada."

Saa nne na nusu Wilbert akapiga mwenyewe. "Tumesogeza maziko, tunazika saa sita. Tangazo liache vilevile. Wanaohusika wameshaambiwa."

Edda akaweka simu mezani. Yeye ndiye aliyewashtua. Asingeuliza, yule dada angefika na kukuta jeneza bado liko uani. Sasa angekuta kaburi limeshafukiwa, na aliyemponza ni mtu aliyekuwa anafuata utaratibu. Akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena.

"Mama Careen, una nini leo?" Theodory akamuuliza kutoka meza ya pili, akimwita kwa jina la mwanawe kama kawaida.

"Sina kitu, bosi."

Namba ya simu ya Jovita hakuwa nayo. Fomu iliuliza jina tu. Njia ilikuwa moja, na ilipita mbele ya macho ya mji mzima. Saa tano kasoro dakika kumi akayaruhusu yale maoni, kisha akajibu chini yake kwa jina lake kamili, kwa sababu aliona aibu kujificha: "Dada Jovita, maziko yamesogezwa, ni saa sita. Njoo sasa hivi."

Haikuchukua muda Wilbert akaanza kupiga. Edda hakupokea. Ikalia simu ya Theodory, akasikiliza, akamgeukia.

"Futa hayo."

"Sifuti, bosi. Kama ni kunifukuza nifukuze, halafu ufute mwenyewe."

Theodory akamkazia macho, lakini hakuinuka. Labda na yeye alikuwa na ndugu asiyetajwa mahali fulani, nani ajuaye. Saa sita ikafika, ikapita. Edda alifungua ukurasa ule na kuufunga, akaufungua tena, maoni ya watu wengine yakimrundikia bila kusomwa. Saa saba na robo yakaingia mapya, yakisubiri ruhusa yake:

"Nimekuta wameshaanza kufukia. Mama yao akawaambia wasimame, akanitilia udongo mkononi. Nimemzika baba yangu."

Edda akalia palepale mezani, bosi akimwangalia, kisha akabonyeza yaonekane.