Sandali zangu ziko kwa Zawadi

Nyie watoto wangu, njia ya kuja kwangu Mangobo hamuijui tena? Muliacha kunitembelea, basi leo mulikosa kitu!

Munamukumbuka Zawadi? Mimi ndiye nilimufundisha mchezo wetu wa nzango hapa uani, kwenye parcelle yangu: kuruka, kupiga makofi, kutoa mguu.

Akakuwa capitaine, akanifukuza kwenye wachezaji wa club, eti mimi ni koko, bibi mzee.
«Koko, kazi yako sasa ni kuchunga sandali zetu.»
Mbele ya watu! Kisha akahamia club ya Kabondo.

Leo, jua kali, tukacheza nao. Tuko sawa, imebaki point moja tu, mwenzetu akateguka mguu.

Nikavua sandali, nikaingia.

Zawadi akasimama mbele yangu, akacheka: «Koko, utavunjika!»

Bon. Nikitoa mguu sawa na wake, tumeshinda. Na Zawadi, tangu zamani, kabla ya kutoa wa kushoto anauma mdomo.

Tukaruka. Akauma mdomo.

Wa kushoto wake, wa kushoto wangu!

Uwanja mzima kelele. Akanyoosha mkono tusalimiane. Nikamuwekea sandali zangu mkononi.
«Chunga vizuri, binti yangu.»

Nikarudi nyumbani pekupeku, nacheka peke yangu. Semeni ukweli, nilimukosea?

Mwenye atakuja kunisalimia, apitie kwanza kwa Zawadi. Pondu yangu ya majani ya muhogo iko, lakini bila sandali zangu hakuna kuingia.