Soko la Kiingereza la Mangobo

Niliondoka Kindu kwa sababu ya binti yangu Zaina. Mama yake, ambaye tuliachana kwa amani, anaishi Kampala, na tulikubaliana kwamba mvua zikiisha mtoto atakwenda kwake kusoma shule ya Kiingereza. Lugha hiyo nilijifunza peke yangu vitabuni, nikamfundisha Zaina vivyo hivyo, kwa maneno machache ubaoni kila jioni. Aliyaandika bila kosa, lakini hakutamka hata moja. Nilipopata habari za mwanamke wa Kisangani anayefundisha watoto kwa michezo, nilimwacha Zaina kwa shangazi yake nikapanda meli.

Kutoka Kindu mto ni mpana na safari ni ya polepole. Huko Ponthierville maporomoko huzuia meli, tukahamia garimoshi. Katika behewa letu msichana mmoja alilala begani kwa baba yake njia nzima. Nilikuwa nimechukua kitabu cha kusoma. Sikukifungua.

Kisangani tulivuka mto kwa pantoni, nami nikatembea hadi mtaa wa Mangobo. Yule mwalimu, Mama Salima, aliyelelewa Kampala, alikuwa amepanga uani ndizi, mawese, mikate ya muhogo ya chikwangue na samaki wa kukaushwa. Watoto waliuziana kwa Kiingereza. Pesa haikuwapo, kila kitu kililipwa kwa maneno. Akaniambia ninunue.

Nilimwendea muuza ndizi, nikasema sentensi yangu kwa ukamilifu. Yule msichana akageukia wenzake.

“Papa huyu iko anasoma,” akasema. “Haiko ananunua.”

Walicheka sana. Sikuwa nimeuliza bei, wala kulalamika kwamba ndizi ni ndogo. Nilijaribu upya, nikabishana kwa shida, hata nikasingizia kwamba nina mke mgonjwa, hadi akanipa. Kisha nikasimama, kama afanyavyo kila mnunuzi wa kwetu, nikingoja matabishi, ile nyongeza ya bure. Akanipa karanga mbili na, kwa Kiingereza, akanitakia mke wangu apone. Mama Salima alieleza kwamba ndiyo sheria: pamoja na matabishi muuzaji huongeza neno lake mwenyewe, ambalo hakufundishwa.

Jioni nilimweleza habari za Zaina. Nikamwambia pia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: nikimfundisha vizuri, nitakuwa nimemfungia mzigo wa safari mimi mwenyewe.

“Ataenda tu, papa,” akasema. “Bon, unataka aende bubu?”

Niliporudi Kindu nilitandika mkeka, nikapanga ndizi na chumvi. Zaina aliketi nyuma ya bidhaa zake, akanitazama. Nilizidharau ndizi zake kwa Kiingereza. Akakunja uso, akajibu kwa Kiingereza kwamba macho yangu ni mabovu. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza. Niliponunua nikangoja matabishi. Akaniongezea chumvi kidogo, akaniambia, kwa Kiingereza kile kile, nije tena kesho.

Nimejifunza kwamba mtoto husema anapokuwa na kitu ambacho mwenzake anakitaka. Sasa Zaina anauza vizuri kuliko ninavyonunua, na mvua zinapungua. Kila jioni nanunua vyote ila ndizi moja. Hiyo naiacha mkekani, ili duka lisifungwe.