Nilimrefusha Koko kwa Sentimita Nne

Kosa ni langu peke yangu, msimtafute mwingine: mimi ndiye niliyemrefusha babu yangu kwa sentimita nne akiwa na miaka sabini na moja!

Chekeni kwanza. Hata mimi nilicheka.

Ilikuwa miaka ya vita, kwetu Mulekera, pale Beni. Risasi zililia upande huu, sisi tunapalilia maharagwe upande ule. Katikati ya hayo yote wakaja watafiti wa afya. Walitaka kuwafuata wazee wetu kwa miaka mingi, wajue kwa nini mmoja anazeeka na jembe begani na mwenzake anaanguka mapema, na namna ya kuuwahi ugonjwa kabla haujaingia mwilini. Kila baada ya miezi mitatu, wazee ukumbini mwa parokia: kilo, tansiyo, yaani shinikizo la damu, na chuma cha kubana kwa mkono ili kupima nguvu. Ukimaliza, unapewa kipande cha sabuni.

Mimi nilishika orodha ya wazee kumi wa mtaa wetu. Kazi yangu ilikuwa kuwaleta. Mkubwa wetu alisema mwenye orodha isiyo na pengo atapelekwa Butembo kusomea kazi hiyo. Jamani, Butembo! Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikwisha kujiona nimevaa koti jeupe.

Koko, ndivyo tunavyowaita babu zetu, alikuwa namba saba. Siku ya kwanza tansiyo yake ilikutwa juu sana. Akapewa vidonge, akakatazwa samaki wa chumvi wa Kyavinyonge kule ziwani, ambao aliwapenda kuliko sisi wajukuu. Alipokuwa akirudi nyumbani, askari wa kizuizi cha barabarani wakamkalisha kwenye matope, wakamvua kofia, wakamcheka.

"Pale sitapita tena," akaniambia. "Hata bakigawa ng'ombe!"

Ningeweka alama kwenye kisanduku cha "hayupo". Alama moja tu! Lakini mimi niliona pengo, nikaona Butembo inapeperuka.

Nikaenda kwa jirani, mzee fundi wa baiskeli. Naye anaitwa Paluku kama Koko, maana kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye Paluku, na ni ukoo gani usio na mtoto wa kwanza? Muuguzi aliyemjua Koko alikuwa amekimbia milio ya risasi. Mpya hakumjua yeyote.

Fundi akapimwa kwenye nafasi ya Koko. Mwembamba, mrefu, anatembea kutwa, tansiyo yake kama ya kijana.

"Papa Paluku, iko muzuri sana!" akasema Mama Masika, muuguzi mpya. "Donc, basi, dawa tunakata. Ziko kidogo, barabara imefungwa, tutapatia mwingine."

Nilipaswa kupiga kelele palepale. Nikapokea sabuni.

Nyumbani Koko alicheka hadi akashika mbavu. "Tansiyo yangu imeshuka bila mimi? Basi inajua njia kunipita! Na vile vidonge vilikuwa vinanikojolesha. Mujukuu, leta samaki!"

Nikaleta. Mikono hii hii ndiyo iliyoleta.

Tukaendelea hivyo karibu mwaka. Siku ya kupima urefu, ambao ulipimwa mara moja kwa mwaka, Mama Masika alipima mara mbili.

"Papa Paluku, mwaka jana ulikuwa mufupi. Utakomea wapi?"

"Ni sabuni yenu, Mama. Inaninyoosha," akajibu fundi.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mama Masika akadhani mwenzake wa zamani alikosea kipimo, akaandika.

Wiki iliyofuata, asubuhi, kikombe cha kahawa kilimponyoka Koko. Mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia ukalala, na haukuamka tena. Utani wake wote, ambao mtaa ulikuwa ukiusubiri kama redio, ukaondoka. Likabaki neno moja tu la Kifaransa: "Voilà," yaani ndiyo hivyo.

Nilikimbia hadi parokiani, nikapita kizuizi bila hata kuwaona wale askari, nikamwaga yote. Mama Masika hakunitukana. Afadhali angenitukana!

"Binti, ungeandika tu 'hayupo'," akasema taratibu. "Mutu akikosa kuya, sisi tunamufwata kwake. Pikipiki ile pale inje, kazi yake ni hiyo."

Pikipiki ile! Niliipita kila siku ya vipimo. Nilidhani ni ya kubebea wakubwa.

Wakafuta vipimo vya mwaka mzima vya mzee namba saba. Butembo akaenda mwingine, na kwa hilo sikulia. Machozi yangu yalikuwa na kazi nyingine.

Baada ya hapo Mama Masika alikuja mwenyewe nyumbani, vidonge mfukoni. Akampima Koko amelala mkekani, tansiyo na urefu kwa utepe, akampa kile chuma akibane kwa mkono wa kushoto. Akautazama utepe, akatikisa kichwa.

"Papa, umepunguka sentimita nne! Ni wewe wa kweli leo?"

"Voilà!" akasema Koko, akacheka kwa nusu ya uso. Mimi nikatoka nje.

Wewe uliyeshika orodha ya watu, mahali popote ulipo, nakuomba: usimpe mtu mwili wa jirani yake ili karatasi ipendeze. Asipokuja, andika kwamba hakuja. Utaona aibu, najua. Andika hivyo hivyo, kwa sababu neno hilo ndilo linaloiwasha pikipiki.