Korongo wa Mzee Ambindwile

Modesta hakuwa mtu wa kukaa. Wateja wake wa mtaa wa Msasani, pale Tukuyu, walimtania kuwa hata chai huinywa amesimama, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Tangu miaka ya ruksa ya biashara ilipojaza filamu madukani, alikuwa akizunguka Tukuyu nzima na kamera yake ya Kirusi, akipiga harusi, kipaimara na picha za paspoti. Kanuni yake ilikuwa moja: jua liwe mgongoni kwa mpigaji, uso wa mteja ung'ae. Picha yenye uso mweusi hakuna anayeichukua, hata umbembeleze vipi.

Mwaka ule wa tisini na tatu, kilichomkosesha raha ni macho ya baba yake. Mzee Ambindwile alikuwa akipofuka, na daktari wa Mbeya alishasema wamechelewa. Miaka yote mzee aliiita kazi ya binti yake kazi ya kubonyeza. Sasa Modesta alitaka kitu kimoja tu, baba aione walau picha yake moja kabla giza halijafunga. Alimpelekea za harusi, zile nzurinzuri. Mzee akazigeuzageuza.

"Ukungu mtupu, mwanangu."

"Ungependa nikupigie nini, Tata?"

Mzee hakufikiri hata kidogo. "Korongo wa Isongole, wale wenye taji. Utotoni nimewafukuza sana kwenye mahindi."

Ulikuwa msimu wa kuvuna viazi, na vumbi la Isongole usiseme. Jioni mbili Modesta alilizunguka shamba walikotua ndege hao ili jua limkae mgongoni, na jioni mbili korongo waliruka kabla hajafika. Ya tatu, ng'ombe walipita, vumbi likatanda, na jua likashuka nyuma ya ndege, yeye akiwa upande usiofaa kabisa. Kwenye filamu zilibaki picha mbili. Alijua anakosea, akabonyeza zote mbili. Maji yakimwagika hayazoleki. Alirudi nyumbani akilia kwa hasira.

Kijana wa studio ya Mbeya alimwonea huruma. "Dada, hizi mbili zimeungua. Ndege weusi tii, nyuma vumbi la njano. Nisikuchapie?"

"Chapa. Tena kubwa."

Alimkuta mzee nyumbani, mtaa wa Bagamoyo wa hapohapo Tukuyu, kwenye kigoda chake, jua la saa kumi na moja likiingia mlangoni. Akampa picha, akaanza kutembea huku na huko chumbani. Mzee aliisogeza karibu na pua. Kidole chake kikaanza kupita juu ya karatasi, polepole.

"Wanne," alisema. "Na huyu wa mwisho kakunja mguu. Taji lake hili hapa."

Modesta akakaa chini, palepale sakafuni.

"Ndaga, mwanangu. Ndaga." Mzee alishukuru kwa Kinyakyusa, picha hakuiachia. "Hawa umewapigaje hata nikawaona?"

"Nimekosea, Tata. Jua lilikuwa nyuma yao."

Mzee akageukia mlangoni. "Basi nenda kasimame mlangoni. Jua likukae nyuma, kama wao."

Modesta akainuka, akasimama pale ambapo hajawahi kumsimamisha mteja yeyote. Mzee akamtazama, akamtazama tena.

"Mbona umekonda hivyo?"