Kidonge Kisichotaka Heshima

Mpwa wangu Sudi anabeba magunia bandari ya Mtwara. Mabega yale karithi kwangu. Sura ni ya baba yake, mimi simo. Gunia la korosho alikuwa analipandisha kwenye lori huku anatafuna muwa.

Mwaka 2006 akaanza kukonda, na tumbo upande wa kushoto likawa gumu kama boga. Kwetu bandama likivimba tunasema malaria. Dada yangu Asha, mama yake, akamwita kijijini Msimbati akachanjwe chale. Bandama likazidi kusogea kuelekea kitovuni. Ndipo tukaenda Dar es Salaam, wakampima, wakasema ni saratani ya damu.

Mimi nilidhani saratani ni uvimbe, kumbe hata damu inaugua! Wakampa vidonge vya rangi ya machungwa, tena bure. Daktari akasema kidonge hicho hakipigi ovyo: kinaitafuta chembe mbovu tu, kinaibana isizaliane, nyingine kinaziacha na shughuli zao. Darasa la nne nilikuwa wa kwanza kwa hesabu, hata kama wengi walikuwa wamekwenda kuokota korosho, lakini dawa yenye adabu kiasi hicho sikupata kuisikia. Daktari akamalizia: "Usiiache. Ukiiacha, ugonjwa unarudi."

Bandama likanywea. Mimi kila nikimtembelea namtomasa tumbo kwa utani, namuuliza, "Boga langu liko wapi?" Boga hakuna!

Lakini kidonge nacho kikaanza vituko. Asubuhi Sudi anaamka macho yamevimba kama kapigwa na mke. Miguu inakaza. Anatapika mpaka nyongo. Halafu ngozi ikaanza kupauka, akawa mweupe mweupe, na wenzake bandarini wakapata la kusema.

"Bwana Mkorogo! Shemeji kakuachia kopo la krimu?"

Akavumilia kutapika, mkorogo ukamshinda. Akaacha dawa, kimya kimya. Nilijua siku nilipomtomasa kama kawaida yangu, vidole vikagonga kitu kigumu.

"Sudi. Hiki nini?"

"Nimeshiba, Mjomba."

"Umeshiba nini, jiwe la kusagia? Vaa shati, tunaondoka!"

Kwetu mjomba akisema hivyo, mtu anavaa shati. Basi la Dar likazama kwenye tope la Somanga, tukashuka kusukuma, yeye anahema kama mzee, mimi mzee nasukuma kama kijana. Sikumtania. Mjue basi nilivyoogopa.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi mmoja, Sista Helena, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha jeshi.

"Nioneshe ulivyokuwa unakinywa kidonge," akasema.

Sudi akaeleza kwa fahari. Dada yangu Asha ana kanuni yake: dawa kubwa haichanganywi na ugali. Unainywa alfajiri, hujatia kitu mdomoni, kwa funda moja la maji, kisha unajilaza ili ishuke. Mwarobaini tumeunywa hivyo tangu utotoni. Ndiyo heshima ya dawa.

Sista Helena akacheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, hiki hakitaki heshima. Kinataka ugali! Kula mlo wako mkubwa kwanza, ushibe, ndiyo umeze, na glasi nzima ya maji. Kisha kaa wima. Ukikimeza tumbo tupu ukalala, kinakuchoma."

"Na macho?"

"Maji yanajikusanya. Kwenu mnakula nini?"

"Ng'onda," nikadakia. "Samaki wa chumvi wa Msimbati, hawana mfano!"

"Mzee, chumvi hiyo ndiyo inaongeza uvimbe. Apunguze. Alalie mto wa juu. Miguu ikikaza amwambie daktari, asijifanye mwanamume. Na balungi asiguse, linagombana na dawa."

Sudi akainamisha kichwa. "Sista, na huu weupe?"

"Ni dawa hiyo hiyo, inafifisha rangi ya ngozi. Haikudhuru, ila jikinge na jua. Wenzako wakikucheka, mwache mmoja aguse tumbo lako, kisha aguse kaburi. Achague, rafiki mweupe au kaburi."

Daktari akampima, akamwanzishia dawa upya, akaamuru arudi kupimwa damu.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, Sudi akauliza kabla hajafunga. Safari hii hakujiamulia. Daktari akaangalia vipimo, akaridhika: funga, lakini ukilegea fungua, na kidonge ni baada ya futari.

Nikaenda kufuturu kwake. Asha alikuwepo, kapika mihogo ya nazi sufuria zima, bila ng'onda, na uso kaukunja kwa ajili ya kanuni yake. Sudi alikula mpaka jasho likamtoka. Mama yake mwenyewe akamjazia glasi ya maji.

"Meza," akasema, "kama umeshiba, usiniaibishe kwa huyo Sista wenu."

Akameza, akakaa wima kama askari. Nikanyoosha mkono upande wa kushoto. Nikatafuta chini ya mbavu, nikatafuta tena. Palikuwa laini, pamejaa muhogo tu. Kitu kidogo kama punje ya hindi kimekwenda gizani humo, kikamkuta adui ambaye sisi wote hatukumwona.

"Mjomba, mbona unalia?"

"Weupe wako unaniumiza macho," nikamwambia. "Zima taa, wewe unatosha."